Kisukari: Je, antioksidanti zaweza kuokoa figo?

KISUKARI ni miongoni mwa sababu kuu za figo kushindwa kufanya kazi. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, seli huzalisha kwa wingi molekuli haribifu za oksijeni. Hizi huumiza vichujio vya figo, na protini iitwayo albumini huanza kuvuja kwenye mkojo.

Antioksidanti, zikiwemo vitamini C na E, huzima molekuli hizo. Panya wa maabara waliopewa walipata nafuu, lakini kwa binadamu mambo ni tofauti. Dawa ya bardoxolone methyl, inayoamsha kinga ya seli dhidi ya molekuli hizo, ilijaribiwa kwa wagonjwa 2,185 wa kisukari wenye figo dhaifu. Jaribio hilo lilisitishwa Oktoba 2012 baada ya visa vya moyo kushindwa kufanya kazi kuongezeka miongoni mwa walioitumia.

Hivyo basi, mgonjwa asiache dawa za daktari na kukimbilia tembe za vitamini. Njia zilizothibitishwa ni kudhibiti sukari na shinikizo la damu, na kutumia dawa kama losartan kwa ushauri wa daktari. Mkojo na damu vipimwe kila mwaka, kwani maradhi haya huanza kimyakimya.