Vipakuliwa
Vipakuliwa ni folda ambamo kompyuta huhifadhi mafaili yaliyopakuliwa kutoka kwenye intaneti. Windows Vista iliiweka katika akaunti ya kila mtumiaji mwaka 2007. Mwaka huohuo toleo la Leopard la Mac OS X likafuata, na mafaili yakaacha kurundikana kwenye eneokazi.

Faili lisipoonekana, kubonyeza Ctrl na J katika Chrome ya Windows hufungua orodha ya vilivyopakuliwa.

Kero kubwa ni nakala. Fomu moja ikipakuliwa mara tatu hubaki kama fomu.pdf, fomu (1).pdf na fomu (2).pdf, na mwombaji mwenye haraka hutuma ile isiyojazwa. Ni heri kulibadili jina faili papo hapo kwa kutanguliza mwaka, mwezi na siku, mfano 2024-03-15-fomu.pdf, ili mafaili yakipangwa kwa jina, yakae katika mfuatano wa tarehe.