Zawadi ya Mkusanya Zaka



Ndugu zetu wapenzi, hiba tunaijua sote: mtu anatoa mali yake kwa ridhaa, mwenziwe anakubali, kisha anakabidhiwa. Lakini je, ikiwa yote hayo yametimia na sababu iliyoileta hiba ni ya haramu, mali hiyo inakuwa ya nani?

Kisa cha kurejea ni cha Ibnul-Lutbiyyah, bwana wa kabila la Azd, kama alivyokisimulia Abu Humayd As-Saa'idiy (Radhiya Allaahu 'anhu) katika Bukhari na Muslim. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimtuma kukusanya zaka za Bani Sulaym. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Tuzingatie kwamba hakuiba wala hakuficha kitu. Alieleza waziwazi, na bila shaka alijiona mkweli. Mtume akapanda mimbari na kuuliza: kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, akaona kama zawadi hizo zingemfuata huko? Kisha akaonya kuwa mwenye kuchukua namna hiyo atakuja Siku ya Qiyaamah ameibeba shingoni, awe ni ngamia, ng'ombe au mbuzi.

Swali hilo la nyumbani kwa mama ndilo mizani. Imam An-Nawawiy (aliyefariki mwaka 676 Hijria, 1277) alipoisherehesha hadithi hii alisema kuwa alichopokea mtumishi kwa jina la zawadi hurudishwa kwa aliyetoa, na ikishindikana huingizwa Baytul-Maal. Na katika Minhaaj yake, kitabu mashuhuri cha madhehebu yetu ya Kishafi'i hapa pwani, kadhi anaharamishiwa zawadi ya mwenye kesi mbele yake, hata kama walikuwa wakizawadiana zamani. Asiye na kesi, ikiwa alikuwa na ada ya kumpa kabla ya ukadhi, inafaa kwa kadiri ile ile ya zamani.

Si kila hiba yenye kasoro hubatilika, lakini. Bashiyr alimpa mwanawe An-Nu'maan zawadi bila ya kuwapa nduguze. Mtume akamwambia airudishe. Imam Ahmad alishika kuwa kusawazisha ni wajibu. Mashafi'i wamesema ni makruhu, lakini hiba yenyewe inasihi. Wazazi, hapa tusijipe raha mapema: kusihi si sawa na kupendeza.

Tumalizie na 'Umar bin 'Abdil-'Aziyz, aliyetawala kuanzia mwaka 99 hadi 101 Hijria (717 hadi 720). Alitamani matufaha, na mtu wa jamaa zake akampelekea. Akayasifu harufu yake, kisha akaamuru yarudishwe pamoja na salamu. Akaambiwa: huyu ni jamaa yako, na Mtume alikuwa akila zawadi! Akajibu kwamba kwa Mtume zilikuwa zawadi, ama kwao wao leo ni rushwa. Matufaha yakarudi kwa mwenyewe, naye Khalifa akabaki na hamu yake.