Sumu Majarubani: Uwindaji na Uhai wa Bata Bukini Kando ya Ziwa Victoria

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikakataza hata uwindaji wa kutafuta kitoweo. Uwindaji wa ndege kwa leseni ulidumu miaka kadhaa baada ya marufuku ile ya kwanza, kisha nao ukakoma. Kwa hiyo ukiuliza uwindaji unawaathiri vipi bata bukini wa Kisumu na mwambao wa Ziwa Victoria, jibu la ofisini ni kwamba hakuna uwindaji. Makala haya yanalipinga jibu hilo. Uwindaji upo. Umeacha bunduki ukashika chambo chenye sumu, na kwa uhai wa ndege hawa njia hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa haichagui na haihesabiki.

Spishi mbili ndizo zinazohusika zaidi: bata bukini wa Misri (Alopochen aegyptiaca), na yule mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye kiungo cha bawa (Plectropterus gambensis), ambaye dume lake hufikia kilo 6 na kupita. Wote hula majani na miche michanga, ndiyo maana mashamba ya mpunga yaliyopakana na vinamasi huwavuta, kuanzia uwanda wa Kano hadi Yala na Bunyala. Wote pia hupukutisha manyoya ya kurukia kwa mkupuo mmoja. Kwa wiki kadhaa ndege mzima, mwenye afya na uzoefu, hawezi kupaa. Hujificha kwenye mafunjo au hukaa majini mbali na ukingo, na anayemvizia wakati huo hahitaji ustadi mkubwa.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma. Jike la bata bukini wa Misri hutaga mayai 5 hadi 12, lakini vifaranga wengi hufa kabla hawajakomaa. Kinachoshikilia idadi ya ndege wa aina hii ni maisha marefu ya wazazi, wanaorudia kutaga mwaka baada ya mwaka. Tuseme katika kila wazazi 100, 85 huuvuka mwaka. Kwa kiwango hicho mzazi huishi wastani wa miaka 6 hadi 7 zaidi. Uwindaji ukiongeza vifo hadi wavuke 75 tu, wastani huo hushuka hadi miaka 4. Ili kundi lisipungue, kila jozi italazimika kukuza vifaranga wengi zaidi kwa theluthi mbili kila mwaka, katika vinamasi vinavyozidi kumegwa kwa kilimo. Kupotea kwa kiota kimoja hufidiwa msimu unaofuata. Kuuawa kwa wazazi hakufidiki upesi namna hiyo.

Mifano ya nje inathibitisha kwamba la msingi ni sehemu ya wazazi wanaouawa. Marekani ililegeza masharti ya kuwinda bata bukini weupe mwaka 1999 ili kuwapunguza, lakini kwa kundi la mamilioni, waliouawa walikuwa sehemu ndogo mno. Norwe na Denmark nazo, chini ya mpango uliopitishwa mwaka 2012, hurekebisha uwindaji wa bata bukini wenye miguu ya waridi kwa kufuata hesabu ya ndege, lengo likiwa kubakiza takriban 60,000. Huko mwindaji hutoa taarifa, na msimu una mwanzo na mwisho.

Sumu haina taarifa wala msimu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, karibu na mdomo wa mto Nzoia, mtaalamu wa ndege Martin Odino alianza mwaka 2009 kuandika kwa kina jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Nyama ya konokono huchanganywa na Furadan, kiuatilifu chenye kabofurani, kisha hutupwa kwenye maji ya jaruba. Korongo domowazi aliye hai huwekwa papo hapo kama mtego, ili wenzake walio angani wadhani pana usalama na chakula. Bata na ndege wengine hutegewa mpunga uliotiwa sumu hiyohiyo. Kabofurani huvuruga mawasiliano ya neva na misuli; ndege huanza kutetemeka, hushindwa kusimama na kupumua, na mara nyingi hufa kabla hajafika mbali. Matumbo hutolewa na kutupwa, nyama ikauzwa kwa majirani. Mlaji hana njia ya kujua kilichobaki katika mnofu ule.

Mwaka huohuo wa 2009 mtengenezaji aliiondoa Furadan katika soko la Kenya, baada ya simba kuuawa kwayo. Ilihitaji simba kufa ndipo hatua ichukuliwe, ilhali ndege wa majini walikuwa wakifa kwa sumu ileile. Na kuondoka kwa bidhaa ya kampuni moja hakukukomesha uwindaji wa sumu.

Kwa bata bukini ubaya wa njia hii ni mahususi. Bunduki humpata ndege mmoja, pengine wawili. Chambo huliwa na wote wanaolisha pamoja, na kwa kuwa dume na jike wa bata bukini wa Misri hulisha bega kwa bega huku wakilea kwa pamoja, asubuhi moja inaweza kuwaondoa wazazi wote wawili na kuwaacha vifaranga bila mlinzi. Ndege wala mizoga nao hufuata.

Sisemi haya kwa kumsahau mkulima. Katika uwanda wa Kano watu hushinda majarubani tangu alfajiri wakipiga makopo, wakipaza sauti na kurusha matope ili kuwafukuza ndege, na mavuno yakipotea hakuna anayewafidia. Januari 2023 makundi ya kwelea kwelea yalipovamia mpunga wa Kisumu, serikali ilinyunyizia fenthioni, sumu inayoweza kuwadhuru ndege wengine pia. Mkulima anayeona serikali ikijibu kwa sumu hawezi kulaumiwa peke yake akijifunza kwamba sumu ndilo jibu.

Wapo wanaosema dawa ni kurudisha leseni. Mwaka 2018 Najib Balala, aliyekuwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori, aliunda jopokazi la kuchunguza matumizi ya wanyamapori, nyama ikiwamo. Hoja ya wanaotaka leseni ina uzito pale panapokuwa na takwimu. Lakini upendeleo wa leseni ni kwa mwenye bunduki na pesa, wala haumgusi kijana wa Budalangi anayeuza ndege ili apate chakula cha siku. Zaidi ya hayo, sensa ya ndege wa majini ya kila Januari imejikita zaidi katika maziwa ya Bonde la Ufa. Huwezi kugawa mgao wa ndege usiowahesabu.

Kenya ni mwanachama wa mkataba wa ndege wa majini wanaohamahama wa Afrika na Ulaya-Asia tangu 2001, na mkataba huo unazitaka nchi zipunguze na, kadiri iwezekanavyo, zikomeshe chambo chenye sumu. Utekelezaji uanzie kwenye maduka ya pembejeo ya Ahero, Port Victoria na Siaya: kila anayeuziwa kiuatilifu kikali aandikwe jina, zao na kiasi. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo wanachama wake huwa majini kila siku, vilipwe kuhesabu bata bukini, wakitenganisha wazazi na vifaranga, hasa katika wiki ambazo ndege hawawezi kuruka. Miaka mitatu ya hesabu kama hiyo ingeonyesha kama wazazi wanatoweka kuliko kawaida, na katika majaruba yapi.