Bima na Watu Wake: Habari za Temeke

Katika zama za Mwingereza, mtu aliyetaka kukata bima Dar es Salaam alikuwa hana budi kwenda mjini, kwenye majumba ya karibu na bandari, ambako makampuni ya kigeni yalikuwa na afisi zao, na ambako kazi ya kupima hatari na kukadiria hasara ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, ilhali Mwafrika aghalabu alikuwa tarishi au karani wa kunakili hati. Temeke, iliyojengewa nyumba za kota kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, haikuwa na habari na biashara hiyo. Huko dhamana ya mtu ilikuwa ni jamaa zake na chama chake cha kufa na kuzikana, ambacho mweka hazina wake aliwajua wanachama kwa majina yao, nyumba zao na hali zao, wala hakuhitaji fomu ili ajue ni nani amefiwa kweli.

Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likakabidhiwa biashara yote ya bima ya Tanzania Bara. Azma hiyo ilikuwa njema, nami naiheshimu hata leo. Walakini sheria yaweza kupitishwa kwa kikao kimoja, na mtaalamu wa bima hapatikani ila kwa miaka mingi ya kufundwa. Waliotaka cheo katika kazi hiyo walijisomea usiku mitihani ya taasisi ya bima ya London, yenye mifano ya meli na viwanda vya Uingereza, mpaka Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilipoundwa mwaka 1972 katika mtaa wa Shaaban Robert, na elimu ya bima ikapata maskani hapa nchini. Hata hivyo madrasa kubwa ilikuwa ni afisi yenyewe. Kijana alianza kwa kupanga majalada na kunakili hati, akayasoma madai ya watu mpaka akazoea kutambua lililo kweli na lililotiwa chumvi. Kisha akamfuata mkadiriaji hasara, akimshikia daftari, akatazama jinsi mzee yule anavyogusa ukuta ulioungua na kumwuliza jirani maswali ambayo hayamo katika fomu.

Miaka ya 1980 ilikuwa mizito, kwani mfumuko wa bei uliokaribia asilimia 30 kwa mwaka ulikula thamani ya bima za maisha za watu waliokatwa mishahara yao kwa uaminifu. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ikafungua milango kwa makampuni binafsi, nayo yakawachukua wengi wa wale waliofundwa na Shirika. Na katika pupa ya kuwagawana wajuzi waliokuwapo, kazi ya kuwalea wengine ikapuuzwa.

Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka Mbagala, huku huku Temeke, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupata nyufa. Fidia ikawa taklifu ya Serikali, na wathamini wakalazimika kupita nyumba kwa nyumba, wakipima chumba hiki na kukagua ufa ule. Msiba ule ulidhihirisha ni kazi kiasi gani kupima hasara ya watu wa mtaa, na mikono ya kuifanya ilivyo michache. Baada ya hapo mabenki yameruhusiwa kuuza bima, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeongeza mahitaji ya watu wanaojua kuchambua madai.

Sasa imekuja akili mnemba, na wenye makampuni wanaitazama kama jawabu la upungufu huo. Siikatai hata kidogo. Wakala wa Tandika tayari huandika namba ya gari katika simu yake, na mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ukamjulisha papo hapo kama bima ni hai au imekwisha, jambo lililowaokoa wengi na stika za bandia. Mashine iliyofundishwa yaweza kulinganisha picha ya bampa lililobonyea na maelfu ya picha nyingine, ikakisia gharama, na ikayatenga madai yanayotia shaka. Lakini twendeni Keko, kwenye karakana za maseremala: picha itaonyesha kitanda na kabati, haitaonyesha kwamba waya wa umeme umeunganishwa kutoka karakana ya jirani, wala kwamba kopo la thina huachwa wazi usiku kando ya rundo la maranda. Hayo huyaona mtu aliyefundishwa kuuliza.

Na hapa ndipo hofu yangu ilipo. Kazi ambazo mashine huzitwaa kwanza, yaani kupanga majalada, kunakili hati na kupitia madai madogo madogo, ndizo hasa zilizomlea yule kijana hata akawa mkadiriaji. Kampuni ikimwondoa leo kwa sababu mashine inatosha, baada ya miaka kumi haitakuwa na mtu wa kuisahihisha mashine inapokosea, na upungufu tuliokusudia kuutibu utakuwa umezidi kuwa mkubwa.

Kwa hiyo nayasihi makampuni, na Mamlaka inayoyasimamia: kila meza ya ukarani inayokabidhiwa mashine, fedha inayookolewa hapo imlipie kijana mmoja nauli na posho afuatane na mkadiriaji mwaka mzima, Keko, Tandika na Mbagala. Chang'ombe kuna chuo cha VETA ambacho kimewafunza mafundi wengi. Mafunzo ya bima yaanzishwe pale, kwa Kiswahili, karibu na watu ambao bima hiyo inadai kuwahudumia.