Sesioni inafunguliwa, sesioni inafungwa: somo kutoka Eldoret

Wandugu, ukitamka neno "sesioni" hapa Lubumbashi, kila mwanafunzi anafikiria mitihani: inafunguliwa, pointi zinaandikwa, juri inakaa, inafungwa. Leo naongea juu ya sesioni ingine, ile ya hifadhidata. Historia yake inapita karibu na kwetu kuliko wengi wanavyofikiri.

Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walitoa habari za wagonjwa kwenye karatasi na kuziingiza kwenye kompyuta. Walitumia Microsoft Access. Kwa kituo kimoja ilitosha. Lakini mradi wa AMPATH wa kutunza wagonjwa wa UKIMWI ukakua haraka, vituo vikaongezeka, na Access haikuweza tena kubeba. Mwaka 2004 wakaanza kujenga OpenMRS kwa lugha ya Java na hifadhidata ya MySQL. Februari 2006 ikaanza kazi Eldoret, na mwaka uleule ikafika Rwinkwavu, Rwanda.

Shida ilikuwa hii: Java inajua objekti, yaani mgonjwa, ziara, kipimo. MySQL inajua majedwali tu. Wakachukua mkalimani, Hibernate, ambayo Gavin King wa Australia aliianzisha mwaka 2001. Na mkalimani huyo hafanyi kazi bila sesioni.

Mpango wake njo huu. Programu ikiwaka, inajenga mara moja tu kiwanda cha sesioni. Kiwanda kinasoma mipangilio: hifadhidata iko fasi gani, jina na neno la siri, objekti gani inaenda kwenye jedwali gani. Kukijenga ni kazi nzito, njo maana hakijengwi kila saa. Sesioni zenyewe ni nyepesi: kila ombi linapata yake, linamaliza kazi, inafungwa. Kazi mbili zinazokwenda pamoja hazigawani sesioni moja. Ndani yake kuna muamala: yote yanaingia pamoja, ao hakuna kinachoingia. Ni kama pointi mbele ya deliberasyo, bado hazijawa zako.

Kwenye kurasa za OpenMRS, sesioni inafunguliwa na kufungwa yenyewe. Lakini ukiandika kazi inayotembea pembeni, ni wewe unaita Context.openSession(), na mwishoni closeSession(), hata kama kazi ilikwama katikati. Ukiacha sesioni wazi, njia za kufika kwenye hifadhidata zinaisha, na muuguzi anangoja mbele ya skrini na foleni ya wagonjwa nyuma yake. Tena sesioni inakumbuka kila objekti uliyopakia. Ukiingiza mistari maelfu, iandike kwa mafungu na kuisafisha, la sivyo memori inajaa.

Miye nilisoma agronomia. Kwa nini inanihusu? Juu Burke Mamlin na Paul Biondich, walioanzisha OpenMRS, ni madaktari. Walijua kazi yao vizuri, halafu wakajifunza chombo. DHIS2, inayobeba ripoti za afya za nchi yetu, nayo inasimama juu ya Hibernate. Shamba la majaribio la mahindi lina bloki, viwanja na mavuno: hayo ni majedwali matatu yaliyofungana. Tukiyaacha kwenye kaye, mvua ya Desemba ikilowanisha kaye, msimu mzima umepotea. Nani kati yetu ataanza?