Divai Nyekundu ya Kipupwe: Safari ya Zabibu Kutoka Bihawana Hadi Mlali

Juni ikiingia, masika yamekwisha na upepo wa milima ya Uluguru unateremka hadi Mlali, mkoani Morogoro. Magari yanayotoka Mgeta hufika yakiwa na matenga ya kabichi, njegere na karoti, na abiria wake wamejifunika makoti. Usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 15. Kwa wanaokunywa, huu ndio msimu ambao bia ya barafu hupoteza ladha na divai nyekundu hupata nafasi yake mezani.

Ajabu ni kwamba milima hii, inayozaa hata pichesi na plamu, haina divai yake.

Si kwamba divai haikuwa na kazi huku. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na katika miaka ya 1880 walikwishafika Morogoro. Kanuni ya Kanisa Katoliki ilikuwa, na bado ni, kwamba divai ya misa lazima itokane na zabibu. Pombe ya nafaka au ya tunda jingine haikubaliki. Kwa hiyo kila altare mpya ya bara ilitegemea divai iliyovuka bahari, kisha ikapandishwa na wapagazi.

Mboga na matunda ya nchi za baridi yalishika Uluguru, lakini kwa mzabibu unyevu huu ni balaa. Miteremko ya mashariki hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mahali penye mvua namna hiyo majani hushikwa na ukungu na zabibu hupasuka na kuoza kabla ya kuiva.

Jibu lilikuwa umbali wa kilomita kama 260 kutoka mjini Morogoro. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, na kiangazi chake huanzia Mei hadi Novemba. Ukame ule ule ulioitesa nchi hiyo ya Wagogo kwa njaa ndio ulioufaa mzabibu. Katika miaka ya 1950 wamisionari wa Kiitalia walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ili wapate divai ya misa. Kwa kuwa huko hakuna baridi kali ya kuulaza mmea, mkulima huupogoa mara mbili na kuvuna mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa mwaka, na tena kuelekea mwisho wa kipupwe.

Kutoka altareni, zabibu zikaingia vijijini. Serikali ikajenga kiwanda cha divai cha umma, DOWICO, na kituo cha utafiti cha Makutupora kikawa makao ya elimu ya zao hili. Jina la kituo hicho limebaki kwenye zabibu nyekundu inayolimwa sana na wakulima wadogo, Makutupora Nyekundu. DOWICO haikudumu. Miaka ya 2000 ilileta viwanda binafsi, kikiwemo Cetawico cha Hombolo, kilichoanzishwa na Mwitalia Fiorenzo Chesini.

Atakayechagua chupa ya msimu huu afahamu kwanza rangi inakotoka. Maji ya zabibu nyingi nyekundu ni meupe. Wekundu umo kwenye ganda. Mtengenezaji huacha maganda yachachuke pamoja na maji kwa siku kadhaa, na humo hutoka pia ukakasi unaoshika ulimi. Ukakasi huo hukata mafuta, ndiyo maana divai kavu huenda vizuri na mbuzi wa kuchoma au kitimoto. Divai tamu huzidiwa na nyama. Hiyo ifuate baada ya chakula.

Wala friji haihitajiki. Divai nyekundu hunywewa vizuri ikiwa kati ya nyuzi 15 na 18, na usiku wa Julai huko Mlali huifikisha hapo bila umeme. Dar es Salaam, kwenye joto la Januari, chupa hiyo hiyo huwa kali, na pombe hupanda puani kabla ya harufu ya tunda.

Wakulima wa Dodoma wamelalamika mara nyingi kwamba zabibu zao huozea shambani viwanda visipozinunua. Basi kipupwe hiki, kabla ya kunyoosha mkono kuchukua chupa iliyotoka ng'ambo, geuza lebo usome: kama imeandikwa kavu, imetengenezwa kwa zabibu halisi na imetoka Dodoma, inunue.