Maambukizi ya vibrio: maji ya bahari, kidonda na chaza mbichi

Vibrio ni jamii ya bakteria wenye umbo la kijiti kilichopinda, waishio katika maji ya chumvi na hasa pale mito inapokutana na bahari. Mmoja wao, Vibrio cholerae, anajulikana sana Afrika Mashariki kwa kuwa ndiye aletaye kipindupindu. Ndugu zake wawili hawazungumzwi sana. Vibrio parahaemolyticus alitambuliwa Japani na Tsunesaburo Fujino baada ya vidagaa vilivyokaushwa nusu kuwadhuru watu 272 mkoani Osaka mwaka 1950 na kuwaua 20. Kwa kawaida huleta tumbo la kuendesha na maumivu ya siku chache. Vibrio vulnificus ni nadra zaidi, lakini hatari yake haina mfano kati ya magonjwa yatokanayo na samakigamba. Kwa makadirio ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, takriban mtu mmoja kati ya watano wanaoambukizwa hufa, wengine siku moja au mbili tu baada ya kuugua. Huingia mwilini kwa njia mbili: mdomoni, pamoja na chaza walioliwa wabichi, au katika jeraha lililogusana na maji ya bahari. Njia hizi zina kinga tofauti kabisa, na kuzichanganya kumeleta mkanganyiko mwingi katika ushauri unaotolewa kwa umma.

Wengi hudhani kwamba bakteria huyu ni uchafu, kwamba kachukuliwa na maji taka hadi baharini, na kwamba chaza wa maji safi hawana neno. Sivyo. Vibrio ni wenyeji wa bahari kama walivyo chaza wenyewe. Huongezeka maji yapitapo nyuzi 20 za Selsiasi, hupenda chumvi ya wastani, na hujishikiza kwenye viumbe vidogo vinavyoelea. Chaza hula kwa kuchuja maji, na mkubwa aweza kuchuja lita 100 na zaidi kwa siku, hivyo hukusanya mwilini mwake bakteria wengi kuliko waliomo katika maji yanayomzunguka. Katika Ghuba ya Meksiko miezi ya joto, chaza aliye na V. vulnificus ni jambo la kawaida. Mamlaka hupima usafi wa maeneo ya kuvuna kwa kutafuta bakteria wa kinyesi. Kipimo hicho ni kizuri kwa homa ya matumbo na maradhi ya namna hiyo, ila kuhusu vibrio hakisemi lolote la maana. Hata utaratibu wa kuwaweka chaza katika maji safi ili wajisafishe, ambao huondoa vizuri bakteria wa kinyesi, hushindwa kuwatoa hawa. Barafu nayo huwazuia wasizaliane baada ya mavuno, lakini haiwaui. Ndimu, pilipili na pombe hazifai kitu, ijapokuwa kila moja ina watu wanaoiapia. Chaza aliyejaa vibrio hana harufu mbaya, hana rangi ya ajabu, na ladha yake ni ileile.

Kwa upande wa mlaji, hatari nayo imejificha. Mtu mwenye afya njema akila chaza wa namna hii huenda asipate chochote, au aharishe na kupona. Wanaokufa ni hasa wenye maradhi ya ini, wenye kisukari, wenye kinga dhaifu, na wale ambao miili yao huhifadhi madini ya chuma kupita kiasi. Chuma kina nafasi kubwa hapa: bakteria huyu hukihitaji ili azaliane, na ini lililoharibika huacha chuma kingi zaidi katika damu pasipo ulinzi. Akishaingia katika damu, homa na baridi huja ghafla, shinikizo la damu hushuka, na malengelenge yenye damu hutokea miguuni. Ini lakini huharibika kimyakimya. Wako wenye homa ya ini aina ya B au C, au ini lililochoshwa na pombe, ambao hawajawahi kuambiwa na daktari kwamba ni wagonjwa. Onyo linalosema "kama una ugonjwa wa ini usile" halimfikii asiyejua kwamba linamhusu.

Hii ndiyo sababu ya msingi ya kusema kwamba chaza wabichi hawawezi kufanywa salama kwa onyo, bali kwa kushughulikiwa kabla ya kumfikia mlaji. Ushahidi mzuri kuliko wote unatoka California. Tangu mwaka 1991 jimbo hilo liliwalazimu wauzaji wa chaza wa Ghuba ya Meksiko kubandika maonyo. Katika miaka 12 iliyofuata wakazi wake waliendelea kuugua na kufa, hadi wagonjwa 6 na vifo 5 kwa mwaka mmoja, miongoni mwa watu ambao sababu yao pekee ilikuwa chaza mbichi. Aprili 2003 sheria ilibadilika: chaza mbichi wa Ghuba waliovunwa kati ya Aprili na Oktoba hawakuruhusiwa kuuzwa mpaka wawe wametayarishwa kwa njia inayomaliza bakteria hao kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo. Njia zenyewe zilikwishakuwepo: joto la wastani lisilopika nyama, shinikizo kubwa la maji, au kugandishwa upesi na kuhifadhiwa kwa muda. Kati ya 2003 na 2010 California haikuripoti mgonjwa hata mmoja wa namna hiyo, wala kifo. Katika majimbo mengine idadi ilipanda kidogo.

Mtu makini atauliza kama sheria ndiyo iliyofanya kazi. Huenda watu waliogopa wakaacha kula chaza, au wafanyabiashara waliona taabu ya kutayarisha wakaacha kuwaleta. Inawezekana sana. Lakini woga ulikwishapewa miaka 12 ya maonyo ukutani na haukuleta matokeo hayo, na kama wauzaji waliacha kuleta chaza wabichi wa kiangazi, basi hayo nayo ni matunda ya sheria. Jambo ambalo lingetutia shaka ni kama idadi ingeshuka nchi nzima wakati uleule, na haikushuka.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba vifo ni vichache. Oktoba 2009 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipotangaza nia ya kueneza sharti hilo kwa chaza wa Ghuba nchi nzima, ilitaja vifo kama 15 kwa mwaka. Wavunaji wa Louisiana na Florida pamoja na wanasiasa wao walijibu kwamba kazi na desturi ya watu wengi zinatolewa kafara kwa ajili ya wachache, na kwamba mtu mzima ana haki ya kuchagua anachokula. Mwezi uliofuata mamlaka ikarudi nyuma. Hoja ya riziki haipuuziki, kwani mitambo ya shinikizo ni ghali na mvunaji mwenye mashua moja hawezi kuinunua. Hiyo ni hoja ya kumsaidia mvunaji kupata mtambo. Hoja ya uchaguzi ni dhaifu zaidi, maana kuchagua kunataka mtu ajue anachochagua, na tumeona kwamba hapa mlaji hajui hali ya chaza wala pengine ya ini lake. Wapenzi wa chaza husema aliyetayarishwa hivyo ladha yake si ile. Na watasema kweli, kwa kuwa shinikizo humuua chaza. Hata hivyo sheria ya California haikumnyima mtu chaza mbichi wa majira ya baridi, wala wa pwani ya Pasifiki. Pwani ya Waswahili swali hili halina uzito mkubwa, kwani chaza na kome kwa kawaida huchemshwa au hupikwa, na moto humaliza kazi bila mtambo wowote.

Njia ya pili, ya jeraha, haina sheria ya namna hiyo. Bahari haitayarishwi. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 waliripotiwa wagonjwa 22 wa vibrio na vifo 5, wengi wao waliopita katika maji ya mafuriko wakiwa na vidonda. Mwaka 2022 kimbunga Ian kiliongeza idadi ya Florida vivyo hivyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba maambukizi ya vidonda yatokanayo na V. vulnificus mashariki mwa Marekani yalipanda kutoka kama 10 kwa mwaka hadi 80 kati ya 1988 na 2018, na ukomo wake wa kaskazini ulisogea takriban kilomita 48 kila mwaka. Sehemu ya ongezeko hilo yaweza kuwa imetokana na utoaji bora wa taarifa, kwa kuwa ni 2007 tu vibrio ilipoanza kuripotiwa kitaifa. Kusogea kaskazini ni vigumu zaidi kukueleza kwa taarifa peke yake. Bahari ya Baltiki, yenye chumvi kidogo, iliona wagonjwa wengi katika kiangazi chenye joto kali cha 2014, na mwaka 2004 chaza wa Alaska waliwaugulisha abiria wa meli ya utalii kwa V. parahaemolyticus, mahali palipodhaniwa kuwa na baridi mno kwa bakteria huyo.

Kinga ya jeraha basi ni ya mtu mwenyewe: asiingie baharini na kidonda kibichi, hasa mwenye ini bovu au kisukari, afunike kwa bandeji isiyopitisha maji kama hana budi, avae glavu anapofungua chaza, na akijikata aoshe mara moja kwa sabuni na maji safi. Uvimbe mwekundu unaoenea kwa saa chache, wenye maumivu kupita ukubwa wa jeraha, ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Madaktari huanza kwa kawaida na dosisaiklini pamoja na sefalosporini bila kungoja majibu ya maabara, na nyama iliyokufa huondolewa kwa upasuaji mapema, wakati mwingine kiungo chote. Wagonjwa wengi hucheleweshwa kwa sababu jeraha huonekana la kawaida na hakuna aliyeuliza kama limegusana na bahari. Katika miji iliyo mbali na pwani, ambako msafiri hurudi na dalili zake, swali hilo halimjii daktari kwa urahisi.